Kamati ya Bourbon na Mtihani wa Ulimi

Kwa heshima na taadhima, wananchi wa Moshi na wa vijiji vyote vya mlimani wanataarifiwa kwamba Kamati ya Uonjaji Linganishi wa Bourbon imetimiza mwaka mmoja tangu iundwe, na kwamba katika mwaka huo hakuna bourbon, ile wiski ya mahindi ya Kimarekani, iliyofika mikononi mwake ikabaki bila kulinganishwa. Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Naandika taarifa hii kwa sababu mitaani kuna maneno, na maneno ya mitaani hayana kumbukumbu namba.

Chimbuko la Kamati ni safari. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Thadeus, alipelekwa Kentucky, Marekani, kwa wiki sita, akajifunze uhifadhi wa mahindi. Alirudi na sanduku la chupa kumi na mbili na ripoti ya kurasa mbili. Katika ripoti alieleza kwamba wenzetu wamepiga hatua kubwa. Mahindi yao wanayahifadhi yakiwa majimaji, ndani ya mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, na dumuzi, yule mdudu wa ghalani, hajawahi kuyagusa. Ofisi yetu ya kilimo ikaona teknolojia hiyo isiachwe hivihivi. Ikaundwa Kamati ya kuifuatilia kwa karibu, kila Jumatano, saa nane mchana.

Tulikuwa wanne. Mwenyekiti alimimina, kwa kuwa ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye. Bi Gladys alikuwa Mjumbe wa Rangi: aliinua glasi dirishani, upande wa mlima, akaamua kama ni rangi ya asali au ya shaba. Nurdin, mtoto wa mjini, swala tano, hajawahi kuonja pombe maishani mwake, kwa hiyo tukamkabidhi Harufu. Wapo waliouliza mtu wa msikitini anatafuta nini kwenye kamati ya wiski. Swali hilo linaonyesha uelewa mdogo wa mgawanyo wa majukumu. Nurdin alinusa, akasema alichonusa, akasukuma glasi kwangu, na swala ya alasiri hakuikosa hata siku moja. Mimi nilikuwa Mjumbe wa Ladha na mwandishi wa mihtasari.

Sitaficha: miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Nilijifunza kwamba chupa yenye picha ya jogoo ina ngano ndani yake, ndiyo maana inateremka kwa upole, na ile yenye picha ya daraja imetiwa nafaka iitwayo rai, ndiyo maana inawasha ulimi kama pilipili manga. Nilijifunza kudondoshea tone moja la maji na kusubiri, na kweli, harufu ya vanila inafunguka yenyewe. Tulibishana kuhusu jogoo na daraja mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna ugomvi. Nilikuwa nafika nyumbani nimejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi.

Kuanzia mwezi wa nne, bourbon zetu zikaanza kulainika. Hazikuchoma tena koo. Mwenyekiti akatufafanulia kitaalamu kwamba bourbon ikipandishwa kwenye miinuko kama ya kwetu, hukomaa haraka. Hoja ikapokelewa. Wiki hiyohiyo Nurdin akanusa iliki. Tulimpigia makofi, maana hakuna mtaalamu yeyote duniani aliyewahi kuripoti iliki kwenye bourbon, na sisi tumeipata tukiwa Moshi, na feni mbovu. Bi Gladys alimkumbatia. Mimi nikaandika: “Iliki, mwaloni, ngozi ya tandiko, umaliziaji mrefu.” Umaliziaji ni ladha inayobaki ulimini baada ya kumeza. Nikaonja tena, nikaongeza: “Mrefu sana.”

Kamati iliyofikia kiwango hicho haiwezi kukaa na ujuzi wake kabatini. Tukatoa Waraka Namba Saba. Waraka ulimtaka kila mwenye kilabu cha pombe, kuanzia mjini hadi mwisho wa migomba, aje kufanya mtihani wa ulimi. Atawekewa glasi sita za bourbon, azitofautishe. Atakayeshindwa, kilabu chake kifungwe ndani ya siku saba. Wakauliza, wapika pombe ya mbege bourbon inawahusu nini? Tukajibu: kiwango ni kiwango.

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Elisifa wa Mwika, ambaye watu wanamwita Mama Kindness. Ni mjane. Mume alimwachia kihamba cha migomba cha nusu eka, ng'ombe mmoja na binti mmoja. Kwa mbege ya ndizi na ulezi amemsomesha binti huyo, Kindness, mpaka chuo cha uuguzi. Alikuja ofisini Jumatatu, amevaa sweta la umoja wa wanawake wa usharikani kwake, akasimama mlangoni mpaka akaambiwa akae.

“Baba,” alimwambia Mwenyekiti, “mimi hiyo bourbon sijaiona hata kwa macho. Mnipime kwa mbege. Nimepika mbege miaka thelathini.”

“Mama yangu, mbege haina ulinganifu wa kimataifa.”

“Kilabu kikifungwa, Kindness anarudi nyumbani. Amebakiza mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja, baba.”

“Kamati inasikitika pamoja na wewe,” alisema Mwenyekiti, na kwa kweli alionekana kusikitika. Kisha akampangia Jumatano.

Jumatano hiyo haikuwa ya kawaida. Tulikuwa tumeomba kupandishwa hadhi, kutoka Kamati kuwa Mamlaka, tuwe na gari na kibao barabarani. Makao makuu wakamtuma Bi Ruth aje kutukagua. Ni mama mfupi, haongei sana, ana kalamu mbili. Tukatandika kitambaa cheupe. Mwenyekiti akavaa glovu. Akatoa chupa sita kabatini, jogoo, daraja na ndugu zao, akamimina glasi sita bila kudondosha hata tone, akaisogeza ya kwanza mbele ya Mama Kindness.

Mama Kindness hakuigusa.

“Onja kwanza, baba.”

“Nani aonje?”

“Wewe. Si umemimina wewe?”

Hapa inabidi nieleze kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kwetu mlimani, mwenye mbege hakupi kata, kibuyu cha kunywea, mkononi kabla yeye mwenyewe hajainywa mbele ya macho yako. Aliyemimina ndiye anayeonja, na anayeonja ameapa: hiki ni kinywaji, ni salama, ni kile nilichosema. Asipoonja, hata uwe na kiu ya kufa, unamshukuru na kuondoka. Mchagga anaweza kudanganya kwenye ripoti kurasa mia mbili na akalala usingizi. Kwenye kata hathubutu.

“Mama, huu ni mtihani, siyo harusi,” alisema Mwenyekiti.

“Hata kwenye msiba tunaonja.”

Veronika, jirani aliyemsindikiza, alikuwa amekaa karibu na mlango na mwavuli wake. “Kwani humo kuna nini, baba, mpaka uogope?”

Bi Ruth akatazama saa. “Onja tu, Mwenyekiti, tuendelee.”

Mheshimiwa Thadeus akainua glasi. Nimefanya naye kazi miaka tisa. Nimemwona akisaini vitu ambavyo mimi nisingevigusa hata kwa fimbo. Siku hiyo aliitazama glasi, kisha mlango. Akagusisha mdomo, akashusha glasi, akasema kwa sauti ndogo, “Vanila.”

“Yeleuwi! Hajameza!” alisema Veronika.

“Meza, baba,” alisema Mama Kindness, taratibu, kama anayebembeleza mgonjwa.

Hakumeza. Bi Ruth akachoka kusubiri. “Basi nitaonja mimi, kwa niaba ya makao makuu.” Akanywa funda moja. Akanywa la pili. Akaandika kitu kwa ile kalamu ya pili, akaisogeza glasi. “Mama, endelea na mtihani wako.”

Mama Kindness akazipitia zote sita bila haraka, akisukutua kwa maji kati ya moja na nyingine. Kisha akaikunja mikono juu ya kitambaa cheupe.

“Samahani, baba, kwa heshima yako. Hizi zote ni chai. Ni sufuria moja, imepikwa jana. Ina iliki, na sukari imeunguzwa kidogo ili ipate rangi. Ila hii ya mwisho ni ya chini ya sufuria. Majani hayakuchujwa vizuri.”

“Ameshindwa!” Mwenyekiti aliruka. “Katibu, andika, ameshindwa! Hakutaja mwaloni!”

Nami nikaandika “ameshin”, kwa mazoea, kabla Bi Ruth hajaniwekea kidole juu ya karatasi.

“Amefaulu,” alisema.

Wa kwanza kujitetea alikuwa Nurdin. “Mimi iliki niliisema tangu mwezi wa nne. Nikapigiwa makofi. Nikadhani ndivyo ilivyo.” Bi Gladys akakumbusha kikao kwamba yeye alihusika na rangi peke yake, na rangi haikuwa na tatizo. Mimi nilitazama mihtasari yangu, majalada matatu, imejaa mwaloni na ngozi ya tandiko. Nilikuwa nimekunywa chai iliyopoa tangu masika na kuisifu. Niliona aibu, nasema wazi, na aibu hiyo haikuwa na umaliziaji mfupi.

Bi Ruth akauliza bourbon yenyewe ilikwenda wapi. Mwenyekiti akajibu kwamba baadhi ya chupa zilihitaji kulinganishwa zaidi, nyumbani.

“Ngapi?”

“Zote.”

Tulidhani atatuvunja palepale. Laiti angetuvunja. Badala yake aliomba Waraka Namba Saba, akausoma mwanzo hadi mwisho, akautikisia kichwa kwa kuridhika. Ni waraka mzuri, alisema, umeandikwa vizuri, na kuufuta kutachukua miezi mingi kwa kuwa lazima upitie ngazi zote. Kwa hiyo utabaki. Ila hauwezi kutekelezwa na watu ambao wenyewe hawajafaulu. Kamati nzima itafanya mtihani wa ulimi. Mpaka Mwenyekiti atakapofaulu, hakuna kilabu kitakachofungwa. Na kwa kuwa mtahini sharti awe mtu aliyefaulu, na mkoa mzima aliyefaulu ni mmoja, akamgeukia Mama Kindness.

“Utawapima, mama?”

“Kwa bourbon?”

“Imekwisha. Wapime kwa ulichonacho.”

Mama Kindness akafikiri kidogo. “Waje Jumamosi,” alisema. “Waje na viatu vya matope.”

Tulikwenda Mwika na mvua za vuli. Mheshimiwa Thadeus alimwamkia shikamoo mara mbili, ya pili ikiwa kubwa zaidi. Kilabuni palikuwa na wakulima waliotoka kuchuma kahawa, na walitupisha kwenye benchi kwa adabu iliyozidi kidogo. Mama Kindness akaleta kata tatu. Akaonja kila moja mbele yetu, akameza, akaweka mezani.

“Moja nimeichanganya asubuhi hii. Moja ya jana. Moja ya juzi. Niambieni ipi ni ipi. Basi.”

Nurdin alinusa tu, mikono nyuma. Akasema juzi, leo, jana, na ndivyo ilivyokuwa. Alipewa mkungu wa ndizi na kuruhusiwa kurudi mjini, na kata zikapangwa upya. Bi Gladys alizitazama kwenye mwanga na kuomba muda. Mimi nilipata moja kati ya tatu, kwa bahati.

Mwenyekiti akachukua kata ya kwanza, akaizungusha kama glasi, mbege ikamwagikia shati. Akafumba macho. “Naona vanila. Ngozi. Kwa mbali, moshi wa pipa…”

“Nimeuliza ni ya lini, baba.”

“Ya… juzi.”

“Nimeichanganya leo. Bado ni tamu, hata mtoto anajua.” Aliandika kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wa taratibu. “Hujafaulu. Kuna marudio.”

“Lini?”

“Utaarifiwa.”

Wiki iliyofuata hatukuarifiwa. Tukaenda wenyewe, Mwenyekiti na mimi, tukiwa na barua ya maombi ya marudio, mihuri miwili. Mwenyekiti alikuwa amefanya mazoezi ya mbege ya mwezi mzima ndani ya siku nne, macho yamemvimba. Alisema safari hii yuko tayari. Alisema Waraka hauwezi kusubiri ulimi wa mtu mmoja. Kilabu kilikuwa kimejaa, watu wanaimba, na ukutani palikuwa na picha ya Kindness amevaa gauni jeupe la mafunzo, mkono kiunoni.

Veronika alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mwavuli magotini.

“Tuna shida na mtahini,” nilimwambia.

“Mhusika hayupo.”

“Amekwenda wapi?”

“Amekwenda kukatia ng'ombe majani.”

“Atarudi saa ngapi?” aliuliza Mheshimiwa Thadeus. Sijawahi kumsikia akiuliza swali hilo. Maisha yake yote ni swali ambalo huulizwa yeye.

Veronika alimtazama kutoka viatuni mpaka kichwani, bila chuki. “Barua acheni hapo. Kaeni kwenye lile benchi la nje. Mhusika akirudi, mtaitwa.”

Tumekaa. Manyunyu yamekolea, na benchi lina mguu mmoja mfupi. Nimeandika taarifa hii yote juu ya goti langu, na hadi kufikia mstari huu bado hatujaitwa.