Yah: Kurudishwa kwa Posa ya Muaz kwa Sababu ya Waifai

Mchafukoge,
Jumatano.

Bi Moza,

Shikamoo. Natumaini magoti yanaendelea vizuri. Sisi huku wazima, ila mtandao ni mgonjwa, na kwa kuwa wewe ndiye mshenga uliyemleta Muaz kumposa binti yangu Arwa, shauri hili nalileta mlangoni kwako. Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini haya yamenifika kooni.

Kijana huyo, kama ujuavyo, ni fundi wa mitandao. Mwezi uliopita, kwa kujipendekeza ukweni, alibandua kiboksi chetu cha zamani cha waifai akatufungia vipya viwili: kimoja juu ya kabati la vyombo sebuleni, kingine koridoni. Alisema tutapaa. Bi Moza, tunatambaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kiboksi cha zamani, pamoja na uzee wake, kilifika mpaka chooni. Hivi vipya havifiki hata kwenye kochi langu.

2. Mke wangu Mwanamize ana tamthilia yake ya Kituruki. Juzi mama mkwe mmoja aliinua mkono amzabe mkwewe kofi, picha ikaganda. Mkono ukakaa juu mpaka adhana ya magharibi, Mwanamize naye kautolea macho. Chakula hakikupikwa, na aliyelala na njaa ni mimi.

3. Wateja wangu wa vitenge kule Songea wanataka picha za mzigo mpya. Natuma asubuhi, zinafika wameshanunua kwa Taimur wa duka la pili. Taimur! Yule hata kukunja kitenge hajui.

4. Hili ndilo zito. Nimezima na kuwasha, nimechomoa nyaya na kuzirudisha, nimesoma Ayatul Kursi. Wapi! Lakini Muaz akiitwa, akikaribishwa tu chakula, intaneti inakimbia. Anapima spidi kwenye simu yake, anasema haoni tatizo, anashiba, anaaga. Hajafika Msimbazi, imelala tena. Akili ni nywele, Bi Moza, na mimi bado ninazo. Kijana anaifunga makusudi ili aitwe, ale pilau, na amchungulie Arwa.

5. Na fundi asiyeweza kufikisha picha kutoka sebuleni hadi chumbani, wajukuu zangu atawafikisha wapi?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, posa irudi kwa wenyewe. Arwa analia tangu jana, hali, hanisemeshi, na roho inaniuma kwa sababu sina binti mwingine. Lakini mkwe mwongo simtaki.

Wasalimie mwanao Nurdin na mkewe, watoto, na wote wa Ilala wanaoniulizia, isipokuwa Muaz.

Ndugu yako katika mitihani,
Abdulla wa Vitenge

N.B. Kabla sijafunga bahasha, jirani yetu Candida amekuja kuazima sinia letu kubwa la shaba kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Lilipotoka tu, simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Picha zote zimefika Songea. Sinia hilo nililiegemeza mimi mbele ya kiboksi cha sebuleni, kukikinga na vijicho vya wageni, na Mwanamize hulishusha Muaz akija tu, kumpakulia, akiondoka hulirudisha palepale. Arwa ameshaelewa. Anacheka huko jikoni mpaka natamani kuingia chini ya zulia. Barua siichani, mwandiko umetoka vizuri, ila posa hairudi popote. Waje na wazee wao Ijumaa. Habari za sinia usizitaje kabisa. Mwambie Muaz kwamba intaneti baba mkwe kaitengeneza mwenyewe.