Fundi Baridi na Nyuzi Nne

Tangu dunia iumbwe, hakuna aliyeonewa kama Fundi Baridi. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema amepiga magoti mbele ya jokofu bovu, bisibisi mkononi.

Jina la Baridi alipewa na wateja kwa ajili ya hayo majokofu, lakini roho yake ilikuwa kwenye gitaa. Siku ya kujiunga na bendi ya mtaani, ile ya kupiga kwenye maharusi, alikwenda na miwani ya jua na kitambaa cha kufutia jasho, tayari kwa gitaa la solo. Bahati mbaya alichelewa. Solo lilishapata mwenyewe, na gitaa la ridhim nalo lilikuwa na mtu. Lililobaki lilikuwa gitaa la besi, limeegemezwa ukutani, nyuzi zake nene kama kamba za kuanikia nguo.

"Nyuzi nne tu?" aliuliza. "Nyingine mmezipeleka wapi?"

Kiongozi wa bendi alikuwa mwimbaji ambaye mchana alifundisha hesabu, kwa hiyo wote walimwita Mwalimu. Alimwambia aanze na hizo nne, akizishinda ataongezewa.

Alijifunzia kibandani kwake, kati ya majokofu ya watu. Vidole vilitoka malengelenge hata bisibisi ikawa haishikiki. Mteja mmoja alisimama mlangoni, akayasikiliza mazoezi kwa makini, akatikisa kichwa. Akasema jokofu linalonguruma namna hiyo kompresa imeshakufa, mwenyewe aambiwe tu ukweli. Fundi Baridi alinuna kutwa nzima.

Alipoanza kupiga maharusini, akaenda kumlalamikia Mwalimu kwamba hasikiki. Mwalimu hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Watu wanacheza, hawachezi?"

"Wanacheza."

"Basi wewe ndiye unayewachezesha. Siku watakayokusikia, ujue umeharibu."

Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Ataridhikaje, wakati bango la bendi lilionyesha kiwiko chake tu? Tena kulikuwa na suala la posa. Mama wa mchumba wake alikuwa hajatoa jibu. Hakukataa, ila alisema binti yake ni wa pekee, na angependa mkwe mwenye jina. Hapo mdomo wa Fundi Baridi ukaitangulia akili. Alimhakikishia kwamba yeye ndiye bendi yenyewe, wale wengine wanamsindikiza. Mama akasema vizuri, atakuja kujionea kwenye harusi ya mpwa wake, na jibu atalitoa huko huko.

Siku ikafika. Fundi Baridi alivaa shati linalong'aa mpaka mpiga picha akalalamika. Mama alikuwa katikati ya ukumbi akicheza na mashangazi, wala macho yake hayakuwa na habari na mpiga besi. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu, Fundi Baridi akaona sasa basi! Akatoka nyuma alikopangiwa, akampiga kikumbo mpiga solo, akaukimbilia uzi mwembamba kuliko zote na kuanza kuukwangua huko juu juu, macho kayafumba, kiuno kinazunguka na hamsini zake.

Lo! Ukumbi mzima ukaishiwa miguu. Mashangazi wakatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekosea hatua. Bibi harusi akalikanyaga gauni lake mwenyewe. Wazee wakarudi vitini wakisingizia magoti. Mama naye akaketi, akaomba maji ya kunywa.

Fundi Baridi hakuona lolote. Alizidi kusonga mbele, na waya wa gitaa una mwisho wake. Ukachomoka! Gitaa likawa kimya kabisa, na mwenyewe bado anarukaruka na kutoa jasho kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Alipofumbua macho, ukumbi wote ulikuwa umekaa unamtazama.

Mwalimu aliuchomeka waya huku akiwatabasamia wageni. "Rudi nyuma," alimnong'oneza. "Piga ulichofundishwa."

Akarudi, roho imemshuka, akijua mke ndiyo kamponyoka. Akapiga zile noti zake nzito za kurudiarudia, kwa unyonge mtupu. Na miguu ikarudi! Mashangazi walijikuta wameshainuka. Mama alicheza mpaka akavua viatu.

Muziki ulipokwisha, Mama alipanda jukwaani. Fundi Baridi akajifuta uso, akainamisha kichwa kwa adabu, akangoja hukumu. Mama akampita, akamshika mpiga dramu mikono yote miwili.

"Mwanangu, umetuokoa. Pale katikati ulilegea kidogo, lakini uliporudi, ulirudi kweli."

Mpiga dramu, asiye na haya hata kidogo, akashukuru.

Ndipo Mama akamgeukia Fundi Baridi, akamtazama kwa huruma. "Na wewe, baba, umejitesa bure na mambo ya wenyewe. Majokofu si unayatengeneza vizuri?"

"Vizuri sana, Mama."

"Basi posa nimeikubali. Fundi ananitosha."

Fundi Baridi nusura alie kwa furaha. Mama aliinama kuvaa viatu vyake.

"Tena kwenye harusi yenu nataka bendi hii hii," alisema. "Mwimbaji yule, na huyu wa dramu asikose. Wewe utakuwa umekaa na bibi harusi, kwa hiyo hatutapungukiwa kitu."