Jicho la Yangeyange

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepiga picha ya kumnyamazisha shemeji. Yangeyange, yule ndege mweupe wa majini, kwenye bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali, kasimama kwa mguu mmoja kama anayesubiri kuhudumiwa. Saa saba mchana, jua la utosi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, daktari wa meno, huenda pale saa kumi na mbili asubuhi. Eti mwanga ni laini. Miaka mitatu mfululizo yake ndiyo inayoshinda shindano la klabu yetu ya picha na kutundikwa maktaba. Mimi saa kumi na mbili asubuhi huwa nimelala, kama binadamu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeifungua kwenye kompyuta. Balaa! Jua limemla ndege mzima. Mwili mweupe pe, hauna hata unyoya mmoja. Uso kivuli kitupu. Nikapunguza mwangaza, ndege akawa wa kijivu, kama mgonjwa. Nikaongeza nuru usoni. Zikatokea chengachenga kama mchanga. Mama watoto kapita nyuma yangu, kauliza kwa nini nilipiga picha moshi.

Jumatano, 5 Machi
Sikwenda kazini. Nilimwambia mkuu wangu naumwa jino. Akanipa namba ya daktari mzuri sana. Ya shemeji.
Manyoya nimeyachora mwenyewe, moja moja, mchana kutwa. Limebaki jicho. Kivulini halimo kabisa. Ndege asiye na jicho hashindi, hata mimi najua hilo.

Alhamisi, 6 Machi
Jino bado linauma. Jicho limepatikana! Nilipotoka kuoga nilimkuta kuku wetu uani, kanikodolea. Nikampiga picha kwa simu pale pale. Jicho kali, linang'aa. Nimelikata, nimelibandika kwa yangeyange. Limekaa kama kazaliwa nalo. Mama watoto anasema ndege huyo anaonekana ana kinyongo na mtu. Nimemwambia huo ndio uhai wa picha.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya hukumu. Mwenyekiti wa klabu, mwalimu mstaafu wa biolojia, mama wa maneno machache, aliionyesha picha yangu ukutani. Akasema jicho limemvutia. Nikaweka kola sawa! Shemeji akaomba, kwa adabu zote, likuzwe. Likakuzwa. Likakuzwa tena. Kwenye mng'ao wa jicho ikaonekana kamba ya nguo. Kando ya kamba, mwanamume mwenye simu. Kajifunga taulo.
Nikasema huenda ni mvuvi. Mama watoto, kutoka kiti cha nyuma, akasema taulo lile la maua ni lake, na amelitafuta siku mbili.

Jumapili, 9 Machi
Nimeshinda chumbani. Mchana mwenyekiti kanipigia. Hajanifukuza. Kasema nina mkono mzuri wa kuchora, tatizo langu ni saa. Atapokea picha nyingine moja hadi Jumatano, ila nikaipige alfajiri, na shemeji awepo. Shemeji kakubali. Kwa furaha mno.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji kanigongea saa kumi na moja na nusu, na chupa ya chai. Tukajikunyata majanini kando ya bwawa. Mwanga ukaja polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha wenzake. Yangeyange akageuza shingo. Kila unyoya mahali pake, na jicho lake mwenyewe. Nikabonyeza mara moja.
Shemeji akaitazama picha kwenye kamera yangu. Akasema, "Shemeji, hii imeipita yangu. Kweli tena." Nilitaka kumshukuru. Nikamwomba chai.
Jioni nimeikagua kwenye kompyuta. Haina kasoro. Yaani, kasoro ni moja tu: yeyote atakayeiona atajua nilimsikiliza shemeji.
Nimeongeza mwangaza. Nikaongeza tena. Nimetia kivuli usoni. Sasa picha ni ya saa saba mchana kabisa.
Nimeshaituma.