Globu Yangu Itanywa Kwanza

Jumatatu, 4 Juni 1956

Siku kubwa! Mwalimu Hezekiah ametangaza darasani: Ijumaa mkaguzi anakuja kututahini mambo ya umeme. Atakayemridhisha atapelekwa Manyatta, huko Embu, awe fundi wa taa za betri kwenye zahanati mpya ya misheni. Na fundi hupewa pasi ya kusafiri!

Pasi! Mwaka mmoja na miezi miwili sijamwona Kagure. Alihamia Manyatta na baba yake, anayefunga watu vidonda kwenye zahanati hiyohiyo. Siku hizi za Hali ya Hatari, Mmeru bila pasi hafiki hata darajani. Barua yake ya mwisho inasema kuna fundi cherehani anayemtembelea baba yake kila Jumapili, na haji mikono mitupu. Inasema pia atanisubiri mpaka maharagwe yavunwe. Nimetoka kuyatazama maharagwe ya shangazi. Majani yameanza kukauka.

Adui ni mmoja: Thuranira. Tumebaki wawili tu darasani, na yeye ana kalamu mbili.

Leo Mwalimu alichora pembetatu. Juu V, ndiyo volti, nguvu ya betri. Chini I na R, yaani ampea za mkondo na omu za ukinzani. Ficha unachotafuta kwa kidole gumba, vilivyobaki vitakuambia ugawanye au uzidishe. Akaniuliza: betri volti sita, globu omu tatu, ampea ngapi? Kidole changu kimeshika jembe tangu utoto. Kilifunika I na R pamoja, nikaona V peke yake, nikajibu sita. Thuranira alicheka kwa pua.

Jumanne, 5 Juni

Nimeuelewa umeme! Wote!

Umeme ni maji ya mfereji. Babu yangu alikuwa mlinzi wa mfereji, yeye ndiye aliyeamua nani afungue maji lini. Basi betri ni mlima. Volti ni mteremko. Omu ni mawe na takataka. Ampea ni maji yenyewe. Mawe yakizidi, maji yanapungua. Nilimweleza Mwalimu hivyo, akanipiga begani, akasema hata kitabu chake hakijaeleza vizuri namna hiyo. Raha iliyoje!

Kisha Mwalimu akaharibu. Alisema globu mbili zikifungwa kwenye waya mmoja, moja nyuma ya nyingine, zote hupitiwa na mkondo uleule. Ati ya kwanza haipati zaidi ya ya pili. Nilimhurumia. Mwalimu ni mtu wa Mbeere, kwao ni kukavu, mfereji angeuonea wapi? Sisi wa mlimani tunajua. Wa juu hunywa kwanza, wa chini hupata matope. Sikumsahihisha. Mkubwa hasahihishwi mbele ya watu.

Jumatano, 6 Juni

Balaa! Homugadi Mutugi, askari wa kijiji anayewasaka wapiganaji wa msituni, alinipekua kwenye lango la kijiji, akakuta karatasi yangu ya pembetatu. Akauliza V ni nani. Nikasema V ni mwenye nguvu. Hapo nilikosea. Akauliza R anakaa wapi. Nikasema R hupatikana ukigawanya V kwa I. Akapuliza filimbi.

Nilifungiwa kambini mpaka adhuhuri. Niliogopa, sioni haya kusema, maana wapo walioingia humo kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mwalimu Hezekiah alikuja na kofia mkononi, akachora pembetatu mchangani, akamweleza Mutugi pole pole. Mutugi akachuchumaa. Akaweka kidole. Volti sita, omu tatu, akasema ampea mbili! Mara ya kwanza tu! Ana vidole vyembamba, ndiyo sababu.

Nusu siku ya kusoma imepotea, lakini si hasara. Nimegundua nitumie kidole cha mwisho.

Alhamisi, 7 Juni

Nina mpango. Misheni ina betri moja tu, ya lori, kwa hiyo tutatahiniwa pamoja: ubao mmoja, waya mmoja, globu mbili za omu tatu tatu. Kila mtu na globu yake. Sasa, anayekaa upande wa alama nyekundu ya betri ndiye aliye juu ya mfereji!

Nilijitolea kufagia karakana. Mwalimu alifurahi. Nikaanza kuisogeza betri ili nyekundu yake ielekee kiti changu. Nzito, haki! Thuranira akapita, akauliza nafanya nini. Nikasema nafagia vumbi chini yake. Akainua upande wa pili, tukaisogeza pamoja. Maskini. Amebeba mlima kwa mikono yake akaniletea mimi.

Ijumaa, 8 Juni

Mkaguzi ana miwani na hacheki. Swali la kwanza: volti sita, omu tatu? Kidole cha mwisho! Ampea mbili! Akaandika alama ya vema.

Akawasha. Globu yangu ikawaka hafifu, rangi ya chai ya maziwa. Ya Thuranira vilevile. Sawasawa kabisa! Mkaguzi akauliza kwa nini. Thuranira akajibu kwamba omu tatu na tatu ni sita, volti sita kwa sita ni ampea moja, na ampea hiyo moja inapita kote. Mkaguzi akaweka mita ya kupimia mkondo kabla ya globu yangu: moja. Katikati: moja. Baada ya Thuranira: moja. Nilisema mshale wa mita umechoka kwa safari.

Akasema sasa tuziwashe zote kwa nguvu kamili. Thuranira akachukua kalamu zote mbili. Mimi hasira zilinipanda. Mtu ananinywea maji yangu mchana kweupe! Niliuchomoa waya uliotoka kwangu kwenda kwake, nikaurudisha moja kwa moja kwenye betri. Mfereji wangu mwenyewe, sigawani na mtu! Globu yangu ikawaka kama jua. Ya Thuranira ikazima. Akafunga waya mwingine kwenye globu yake, naye akaupeleka kwenye betri. Nikasubiri yangu ififie. Wapi! Zote mbili ziling'aa. Ampea mbili kwangu, mbili kwake.

Mkaguzi akavua miwani. Akasema hiyo ndiyo sambamba, kila taa na njia yake, na akauliza nani ameanza. Nikainua mkono upesi.

Nimechaguliwa! Thuranira atabaki hapa kumsaidia Mwalimu kufundisha. Kumbe ndicho alichotaka, mama yake yuko Kianjai, hapo jirani, na hataki kumwacha. Alinishika mkono, akasema nimemfungulia njia. Sikuelewa, ila nilipokea. Nilitoka nje, nikalia kidogo nyuma ya karakana.

Jumatatu, 11 Juni

Manyatta! Nilipotoka, langoni kwetu Mutugi aliisoma pasi yangu mara mbili, akasema nikimkuta R nimsalimie.

Kagure alinipokea kwa kicheko, akasema nimekonda kama mti wa kuegemeza maharagwe. Na maharagwe bado yako shambani! Hajakubali mtu. Baba yake alinipa mkono na kunikaribisha chai. Fundi cherehani naye yupo, anashona mapazia ya zahanati hapo barazani. Tulisalimiana bila kutazamana.

Kesho nafunga taa mbili: moja chumba cha baba yake Kagure, nyingine hapo barazani. Mwalimu Hezekiah alinishika begani tukiagana, akanisihi nisisahau: kila taa na njia yake. Nilikubali kwa heshima tu. Mtu wa Mbeere, jamani!

Nimeshachora. Waya mmoja. Kwanza, karibu na betri, taa ya baba mkwe. Mwisho kabisa, mkiani, fundi cherehani. Mzee atapata mwanga wote, na yule ashone kwenye matope. Kagure ameutazama mchoro, akauliza kama zote mbili hazitafifia. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, anaolewa na mjukuu wa mlinzi wa mfereji. Baba yake nimemwomba akae karibu kabisa nitakapowasha. Fundi cherehani nimemwalika pia.