Nguruwe wa Papa Évariste na Vichwa vya Ndakala

Habari za redio zilikuwa hazijaisha, Papa Germain akaizima kwa kofi. Kwa kijiwe chetu cha Kataki tunamwita Redio, maana anasema kuliko ile yake ya betri.

"Mumesikia? Mukubwa mumoja wa Kinshasa anakuja Kalemie juma hili. Agronomu, bwana shamba wa serikali, atapita nyumba kwa nyumba kuchagua nguruwe munono kupita wote wa kumuchinjia. Mwenye naye hatalipwa, atapewa heshima."

"Heshima yenyewe itachomwa na pilipili?" akauliza Docteur. Siku moja Docteur alimushikia daktari wa wanyama sindano, tangu pale anatibu mpaka baiskeli.

Tukacheka. Papa Évariste peke yake hakucheka, akasukuma kikombe chake cha kahawa pembeni. Munono kupita wote ni wake, na sote tulijua ni wa nini: harusi ya binti yake Angélique, baada ya Pasaka. Wakwe wanatoka Moba kwenye milima, na wale, bila nguruwe, wanasema ndoa haijafungwa.

"Mimi nilikosa nini?" akalalamika. "Maganda ya mihogo ninayachemsha, ninayaanika, sumu itoke. Pumba ya mahindi ninachekecha. Wengine wanatupa tu machicha ya pombe ya lutuku, nguruwe wao wanalala walevi mpaka muchana!"

"Hilo njo kosa lako," akasema Redio. "Kwa Zaïre hii, mutu ananeneshaje kitu karibu na barabara? Angalia jirani yako Lambert. Nguruwe wake amekonda, ukisimama huku unahesabu mbavu za ngambo. Ule ndiye mutu wa akili!"

"Basi na mimi nimukondeshe?"

"Kwa siku hizi chache? Hata mushahara wa serikali haukondeshi mutu mbio hivyo."

Docteur akaweka kikombe chini, akakohoa kama mutu mwenye diploma.

"Musikilize. Nguruwe akila vichwa vya ndakala, hivi visamaki vya ziwa letu, mafuta yake yananuka samaki. Njo maana tunaacha kumupa mwezi muzima mbele ya kuchinja. Sasa wewe, Évariste, umupe! Asubuhi vichwa, muchana vichwa, magaribi vichwa. Agronomu akinusa, atakimbia mpaka Kabimba."

"Na wakwe je?" akadakia Mama Virginie, mwenye kahawa. "Wao hawana pua?"

"Mama, Pasaka iko mbali. Mukubwa akiisha kwenda, nguruwe anarudi kwa pumba, harufu inaisha."

Évariste akaenda kwa wamama wanaoanika ndakala, akaomba vichwa, akajaza kapo. Nguruwe alishangilia. Akaacha pumba kabisa, akawa anapiga kelele akiona kapo tu. Kabla ya juma kuisha, paka wote wa Kataki walikuwa wamehamia bandani.

Agronomu akafika, suti yake ya abakosti imenyooka, askari wawili nyuma. Alizunguka nyumba zote, kisha akaja moja kwa moja kwenye benchi letu.

"Nguruwe wa nani yule mwenye kunuka samaki?"

Évariste akasimama na huzuni ya kuazima. "Wangu, sitwayeni agronomu. Nilikosea chakula. Mafuta yote yameharibika. Kumupa mukubwa kitu kama kile ni haya."

Agronomu akamushika mukono kwa mikono miwili.

"Papa, Mungu akubariki! Mukubwa ni mukatoliki wa kweli, sasa ni Kwaresima, naye anafika Ijumaa. Nyama hagusi! Tangu jana tunaumwa kichwa, maana samaki peke yake haimushibishi. Lakini nguruwe wako ananuka samaki, basi ni samaki. Atakula bila zambi!"

"Ana miguu mine!" Docteur akapiga kelele.

"Miguu tutakula sisi."

Wakamufunga kamba. Nguruwe akalia njia yote, paka wakamufuata kama watu wa mazishi. Évariste akaanguka kwenye benchi, machozi yanamutoka kweli, hakuyaficha. Docteur akachungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Redio akawasha tena ile yake ya betri.

"Pole, Papa," akasema Mama Virginie. "Sasa wakwe wa Moba utawapa nini?"

Évariste akapangusa macho kwa kiganja.

"Ndakala. Wakiuliza nguruwe iko wapi, nitawaambia vichwa vya hizi ndakala viligeuka nguruwe, basi na mikia ni nguruwe."