Shanta la Lita Themanini

Jumatatu, 2 Juni

Mzee mzima, magoti yanalia kama bawaba kuukuu, unataka kwenda kulala porini! Una wazimu? Nani atakukanda mgongo huko, swala?

Nimemwambia hivyo hivyo, uso kwa uso, kijiko kikiwa mdomoni mwake. Akameza kwanza. Kisha akasema wenzake wameshapata kibali cha kuwinda, wanaondoka Jumamosi, watarudi Jumatano, na yeye anakwenda nao. Akija kuulizwa ni nani aliyemkataza, basi ni mke wake tu, na mke wake hajawahi kumruhusu kitu.

Wenzake wenyewe ni wale wale. Kobe, kiongozi wao, ambaye jina hilo alipewa kwa ajili ya mwendo wake. Na yule kinyozi mstaafu anayesikia kwa sikio moja tu, tena likiamua. Wawindaji! Kuku wangu anawakimbiza wote watatu.

Mara ya mwisho alipokwenda, alirudi amebebwa kama godoro. Shanta lake la wakati ule lilikuwa na mikanda myembamba kama kamba za viatu, likamkata mabega na kumkunja mgongo. Nilimgeuza kitandani wiki nzima kama samaki kikaangoni. Nilidhani ndiyo basi, nabaki peke yangu. Hilo sikumwambia wala sitamwambia, atavimba kichwa.

Nimepiga kelele mpaka sauti imekwisha. Haikusaidia. Ndipo yeye mwenyewe akajisahau, akasema kinachomsumbua ni shanta tu. Lile la zamani limeliwa na panya, na hajui anunue lipi.

Nikafuta meza polepole. Nikamwambia, mume wangu, usijisumbue, shanta nitakuchagulia mimi.

Kashukuru! Maskini ya Mungu. Nitamchagulia shanta ambalo hatafika nalo hata getini.

Jumanne, 3 Juni

Dukani. Muuza mabegi ni kijana mwenye ndevu tatu na maneno mengi. Kaniuliza, "Bibi, unataka la lita ngapi?"

Nikamkazia macho. Nikamwambia nimekuja kununua shanta, mafuta ya taa nitanunua kwingine.

Kacheka mpaka kashika meza. Eti mashanta hupimwa kwa lita. Eti la mwanafunzi ni lita ishirini, la kukaa porini siku kadhaa ni sitini kwenda juu. Nikamwambia najua, nilikuwa nakupima wewe. Nimeishia darasa la tatu, lakini siwezi kuchekwa na ndevu tatu.

Moyoni nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Ndoo yangu ya maji ni lita ishirini, na mzee hajaiinua tangu mjukuu wetu wa kwanza azaliwe. Nikauliza lililo kubwa kuliko yote lina lita ngapi. Themanini! Ndoo nne mgongoni! Atakaa chini kabla hajafunga kifungo, na safari itaishia hapo hapo sebuleni.

Nikasema, lete hilo. Kijana kaona haya. Kasema limebaki moja tu, watu wanalikimbia kwa sababu ya rangi. Kalitoa. Rangi ya chungwa, kali mpaka inawasha macho. Nikazidi kufurahi. Mnyama gani mwenye akili zake atangoja kitu kama hicho kimfikie? Hata mzee akivuka geti, hatapata windo, atachoka, atarudi.

Tena kwenye kifungo cha kifuani lina kifilimbi. Nikakipuliza. Duka zima likaruka. Nikamwambia kijana funga mzigo, hili ni la kwetu.

Jumatano, 4 Juni

Balaa. Mzee kalivaa shanta. Nimesimama pembeni nikisubiri aanguke, na mto nimeshautupa sakafuni asije akaumia. Kasimama! Kazunguka sebule yote! Eti jepesi kama unyoya.

Jepesi vipi, na lita zote hizo? Nikafungua kuangalia. Tupu. Kijana wa watu hakuniambia kuwa lita zinauzwa mbali na shanta. Wizi huo.

Na kuna baya zaidi. Shanta lina mkanda mpana wa kiunoni, wenye sifongo ndani. Mzee kaubana, kalegeza ile ya mabega, kasema uzito wote sasa unakaa kwenye nyonga, mgongo hausikii kitu. Kanyooka! Sijamwona amenyooka hivyo tangu harusi yetu. Kanishukuru mara mbili, kanishika mkono. Nimemfukuza sebuleni.

Alhamisi, 5 Juni

Wifi kaja. Ni dada wa mzee, mjane, na tangu niolewe anakagua nyumba yangu kama bwana afya. Kaja na shanta la marehemu mumewe, dogo, la kijani, limekunjwa vizuri, linanuka kabati. Kaliona langu ukutani, kashika shavu.

Kasema, "Wifi, unampeleka kaka yangu kuwinda au kuongoza magari?"

Nikamwambia hilo lake ni la kubebea kalamu za chekechea. Hakujali. Kakaa, kaanza kuhubiri. Eti shanta kubwa huita mzigo mkubwa, mtu atajaza kila anachokiona. Mwenye akili huchukua dogo: blanketi moja, chakula cha siku moja, kikiisha unarudi nyumbani.

Kikiisha unarudi nyumbani! Kayasema mwenyewe, kwa mdomo wake! Shanta la wifi ndilo nililokuwa nalitafuta tangu Jumatatu. Lingemrudisha mzee kesho yake. Nilichotakiwa kusema ni asante tu.

Lakini mume wangu apite barabarani na shanta la wifi? Watu waone? Waseme mkewe kashindwa, dada kaokoa? Nikishakufa, labda. Na hata hapo nitafufuka nije nimvue.

Nikajikuta nalitetea la kwangu kama mtoto wa kumzaa. Nikasema kitambaa chake ni kigumu, maji hayapiti. Wifi kasema maneno matupu hayo, tutie maji tuone. Nikalitoa uani, nikaanza kumimina ndoo. Kichwani nilikuwa na dua mbili zinagombana. Likivuja, wifi atanicheka mpaka mwaka kesho. Lakini likipasuka, mzee haendi.

Halikuvuja, halikupasuka. Limejaa maji, limesimama uani na tumbo lake kama mja mzito. Majirani wakaja kuangalia. Mzee naye katoka, kaliona, machozi yakamlengalenga. Kawatangazia majirani kuwa mke wake kalipimia mvua kabla mvua haijaja, na aonyeshwe mwanamke mwingine wa hivyo.

Wifi kaondoka na lake bila kumaliza chai. Nimeshinda. Yaani, nimeshindwa. Basi tu.

Ijumaa, 6 Juni

Shanta limekauka. Kobe kaja kumfundisha mzee kupanga vitu: vyepesi chini, vizito katikati kuelekea mgongoni, vya haraka juu. Nikawaambia waende barazani wakadanganyane habari za nyati, kupanga ni kazi yangu.

Chini kabisa, katikati ya blanketi, nimeficha pasi yangu ya mkaa. Chuma kitupu, na jogoo wa shaba kwenye kifuniko. Aliniachia mama. Siku hizi tunanyoosha kwa umeme, kazi ya pasi ile ni kuzuia mlango wa jikoni usijibamize. Kesho akifika njia panda, kiuno kitamwambia ukweli. Atageuka. Atanikuta nimeshampikia, na wala sitamcheka. Labda kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Kaondoka. Hakuhisi chochote! Mkanda ule wa kiunoni, aliyeubuni asilale. Nimesimama getini mpaka ile rangi ikawa nukta, na nukta ikakata kona.

Nimepika cha watu wawili. Saa sita, hakuna mtu. Saa kumi, hakuna mtu. Nikala changu. Nikala na chake, kwa hasira.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua. Tangu juzi usiku inanyesha kama imetumwa. Nyumba haina kikohozi chake, imekuwa kubwa kama ghala. Mlango wa jikoni unajibamiza, hauna wa kuuzuia. Kila ukibamiza nafikiria chuma kile mgongoni mwake, kwenye matope, na magoti yale.

Nimemtukana Kobe. Nimemtukana muuza mabegi. Zamu yangu ilipofika, wifi kagonga hodi.

Hakukagua chochote. Kakaa. Nikamwekea chai. Tukatazama maji yanavyodunda uani, pale pale shanta lilipokuwa limesimama. Baadaye kauliza kama kile kifilimbi kinasikika mbali. Nikamwambia kinaamsha wafu. Kasema basi, vizuri, kaomba sukari nyingine. Hakuna aliyemsema mwenzake. Siku mbaya kweli.

Jumatano, 11 Juni

Karudi! Karudi, karudi, karudi! Kwa miguu yake mwenyewe, mmoja unachechemea, lakini ni wake!

Kobe kasimulia barazani huku majirani wamejazana. Mvua ilipoanza usiku wa kwanza, viberiti vyote vililowa. Mzee kafungua blanketi, kavu kabisa, na pasi ikamdondokea mguuni. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakaacha kucheka, maana moto ulikuwa unakufa. Wakajaza makaa ndani ya pasi, wakafunga kifuniko. Kila walipohama, walihama na moto wao. Kinyozi kasema mzee alifikia hata kunyoosha shati, porini, nyani wakitazama.

Halafu Jumatatu. Jumatatu ile ile! Mzee kateleza, kaporomoka korongoni, kifundo cha mguu kikageuka. Kobe alikuwa nyuma kama kawaida yake, kinyozi mbele. Kaita, mvua ikameza sauti. Akakumbuka kifilimbi. Kapuliza, na hata kinyozi kasikia, tena kwa sikio bovu! Walipochungulia, majani yote ni ya kijani, matope yote ni meusi, na katikati inawaka rangi ya chungwa. Wakamvuta kwa mikanda ya shanta kama ndoo kisimani. Kobe kasema lingekuwa shanta la kijani, wangepita juu yake.

Wifi kalitazama lile la kijani, maana alikuja nalo likiwa na ndizi za mgonjwa. Kalisukuma chini ya kiti kwa kisigino. Nimeona.

Windo? Hata mkia hawakuuona. Kobe anasema wanyama waliliona shanta kabla wao hawajawaona wanyama.

Majirani wakaniuliza niliwezaje kufikiria yote hayo, rangi, filimbi, mpaka pasi. Nikawaambia moto hubebwa kwa chuma, nyinyi hamkufundishwa kwenu? Mzee kasema mbele ya watu wote kuwa shanta hili limemrudisha kwangu.

Nikasema nakwenda jikoni kukata vitunguu. Hakuna kilichokuwa kinahitaji vitunguu. Nimekata vingi sana.

Pasi imerudi mlangoni. Mlango umetulia. Na yeye anakohoa chumbani, Mungu ni mwema, anakohoa kama trekta.

Jumapili, 15 Juni

Kifundo kimenywea. Wifi kaniomba, kwa sauti ndogo lakini kaniomba, nimchagulie begi la safari. Nikamwambia nitaangalia nafasi.

Nilidhani mambo yamekwisha. Leo mezani mzee kafuta mdomo, kasema kwa shanta kama lile na mke kama mimi, mwezi ujao watakwenda wiki nzima. Wiki! Kijiko kikanidondoka. Kasema kinachomsumbua sasa ni viatu tu, vile vyake vinateleza, na hajui anunue vipi.

Nikafuta meza polepole.

Maana niliviona. Kwa yule yule wa ndevu tatu, rafu ya juu, vimejaa vumbi. Viatu vya ngozi nene, virefu, vinabana kifundo na kupanda hadi katikati ya muundi, soli ina meno kama gurudumu la trekta. Kijana alisema hakuna anayevitaka, ni vizito mno. Nilikinyanyua kimoja, kama tofali! Na safari hii hakuna udanganyifu wa lita, uzito umo humo humo ndani ya kiatu. Akivivaa hivyo, hafiki hata getini.

Haya, mzee, zima hiyo redio ulale. Kesho asubuhi tafuta soksi nene, unywe chai upesi, tuwahi duka likifunguliwa. Na mdomo wako uuache hapa nyumbani: viatu nachagua mimi.