Presha Imeshuka kwa Mzee Raimundi

Jumatatu, 2 Juni.
Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wazee wangu, akina mama, wanajumuiya wa maji ya mserereko toka mlimani hapa Mchombe. Ndivyo nitakavyofungua Jumapili, mkutano utakapoamua kama nibaki Katibu. Mazoezi mbele ya kabati: yameridhisha. Kilichobaki ni kueleza kwa nini mabomba yanadondosha matone. Nisipopata jibu, mpinzani wangu Festo ananirithi. Festo, ambaye "miundombinu" humshinda kutamka!

Jumanne, 3 Juni.
Nimewaandikia wanajumuiya wote ujumbe: "Presha imeshuka sana kwa Mzee Raimundi. Njooni mshuhudie." Nilikusudia bomba la uani kwake. Kufikia saa nne watu wamejaa na mikeka na masufuria; shemeji yake kaja kwa bodaboda kutoka Mlimba, analia njia nzima. Mzee kakutwa anakula wali kwa kambale. Akaniuliza kama na kaburi nimeshamchagulia. Festo akasema angalau leo Katibu kaita watu, wakaja.

Jumatano, 4 Juni.
Fundi Kabula amefika kutoka Mngeta. Binti wa Kisukuma, mtulivu, hashiki spana kabla ya kumwamkia kila mkubwa shikamoo. Nikamshauri aanze kuwachunguza ng'ombe wa kwao, huenda wanakanyaga bomba. Akajibu kwa adabu kwamba ng'ombe wa kwao wananywa mtoni, ila atawauliza. Kisha akafunga koki za matawi ya bomba moja baada ya nyingine, kila mara akisoma geji ya presha. Kazi safi. Nilisahau hata kutoa maelekezo.

Alhamisi, 5 Juni.
Geji imeonyesha maji yanapotea kati ya shule na shamba la Sikitu. Mbinu: nitangulie mbele, nionekane ndiye niliyemwongoza fundi. Njiani nikamwonyesha jaruba la Sikitu: mpunga wa kijani kibichi, wakati wenzake wote wameshavuna. Nikamweleza kuwa ni mimi niliyempa Sikitu cheti cha mkulima hodari. Kabula akavua viatu, akaingia. Maji ya baridi hadi kwenye vifundo! Akachimba kwa jembe, kisha akaliweka kando akamalizia kwa mikono, maana bomba ni la plastiki. Kiungo kimeachia. Sikitu akasema kumbe yalikuwa maji, yeye alidhani ni ushauri wangu.

Jumapili, 8 Juni.
Ndoo sasa inajaa kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Nilimsifu Kabula kwa robo saa, kwa dhati ya moyo, hadi Mheshimiwa Diwani akapangusa miwani. Nimebaki Katibu, kwa tofauti ya kura mbili! Papo hapo nikatangaza azimio: kwa kuwa fundi wetu alifaulu kwa kuchimba, kesho saa moja asubuhi kila kaya ifike tufukue bomba lote, kilomita nne, tujiridhishe kuwa ni zima. Kabula alishika kichwa kwa mikono miwili. Ameguswa, bila shaka. Majembe yaletwe yakiwa yamenolewa.